Gari Linapiga Hodi

Shangazi ndiye aliyeisikia hodi hiyo kwanza, au tuseme ndiye wa kwanza kuisema. Ilikuwa tarehe 23 Desemba, siku ambazo kila Mchaga aliyepata nauli anapanda mlimani kula Krismasi kwao, na mimi nilikuwa nampeleka Marangu kwa Vitz yangu. Tulipofika tuta la Kiboriloni, chini ya miguu yetu kukasikika ko-ko-ko.

"Karibu!" akaitikia shangazi, mkoba mapajani.

Nikacheka. Tuta la Uchira, ko-ko-ko. "Karibu!" Tulipofika Njia Panda ya Himo hakuitikia tena. Alinigeukia, akanitazama kwa macho yale ya mtu aliyewahi kukuogesha. "Mwanangu, huyu mgeni anapiga hodi tangu mjini. Mbona humfungulii?"

"Ni jeki tu, shangazi. Imelegea huko kwenye buti."

Jeki yenyewe nilikuwa nimemwazima jirani wiki mbili zilizopita.

Ukweli ni kwamba hodi hiyo ilikuwa na miezi mitatu, na nilikuwa nimeshaitibu kwa kila dawa isipokuwa yake. Dawa ya kwanza ilikuwa kuongeza sauti ya redio, na ilifanya kazi vizuri mpaka umeme wa redio ulipokatika. Dawa ya pili ilikuwa fundi mmoja kijana, aliyeegemeza sikio kwenye boneti kama daktari na kusema, "Bosi, hizo ni shokapu." Tukabadilisha shokapu. Gari likawa na shokapu mpya na hodi ile ile. Akasema basi ni linki za stabilaiza. Tukabadilisha linki. Hodi ikabaki, tena sasa ilisikika vizuri zaidi kwa kuwa vingine vyote vilikuwa vimenyamaza.

Gari dogo kama langu lilitengenezwa kwa ajili ya lami ya Japani, lilikoanza kuuzwa mwaka 1999. Halikuambiwa kwamba litaishi Moshi, kwenye mita kama 900 juu ya usawa wa bahari, na kwamba kila sikukuu litapandishwa njia za vihamba, yale mashamba yetu ya ukoo, zenye mawe, mizizi na mifereji ya maji, likiwa na watu watano, ndoo ya mbege na mkungu wa ndizi. Halina kosa. Linajitahidi.

Krismasi ikapita. Wakati wa kushuka kutoka Marangu nikaona jambo jipya: kila nikikanyaga breki, usukani unavuta kushoto, kama mbuzi aliyeona majani. Shangazi alikuwa amebaki mlimani, nami nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Januari nikampata fundi mzee huko Majengo. Huyu hakuegemeza sikio popote. Aliingia chini na mtaimbo, akauchomeka kwenye mkono wa chini wa gurudumu la kushoto, akausukuma mara moja. Ule mkono ukacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Akaniita nikaone. Mahali mkono unapoungana na bodi kuna duara la mpira mweusi lisilozidi kikombe cha kahawa. Lilikuwa limepasuka magaga kama kisigino cha mtu aliyelima kiangazi kizima bila viatu.

"Bushi hiyo," akasema. "Wewe ni Mchaga?"

"Ndiyo, mzee."

"Isale unaijua?"

Nani asiyeijua? Masale ndiyo tunayopanda mpakani mwa kihamba, na ndugu wakigombana, mwenye kosa hubeba jani la isale kwenda kuomba radhi. "Basi bushi ni isale," akasema. "Inakaa mpakani kati ya chuma na chuma. Ikifa, ndugu wanagongana. Kelele unayosikia ni ugomvi wa kihamba." Akaongeza kwamba isale ikishakufa, gurudumu halijui tena mpaka wake: ukifunga breki linarudi nyuma, usukani unavuta, na tairi linaliwa upande mmoja. Nikainama kutazama. Tairi la kushoto lilikuwa na upara kwa ndani, na kwa nje lilikuwa zima kama jipya.

Hapo mtu mwenye akili angemwachia mzee kazi yote. Mimi nikaenda kununua bushi ya bei ya chini kuliko zote dukani, kisha nikampelekea yule kijana kwa kuwa mzee alikuwa na foleni. Kijana aliiingiza kwa nyundo badala ya presi, akakaza bolti gari likiwa bado juu ya jeki na magurudumu yananing'inia. Wiki ya tatu ikaanza kulia kwiii. Nikakumbuka mlango wa nyumbani unavyotibiwa, nikaimwagia oili chafu ya injini.

Siku mbili gari lilinyamaza. Nilijiona mhandisi. Wiki iliyofuata mpira ulikuwa umevimba na kulainika kama ndizi ya mtori, na hodi ikarudi ikiwa na hasira ya mgeni aliyefungiwa nje.

Mzee hakunicheka mbele yangu. Alikwenda nyuma ya kontena kwanza. Aliporudi akanieleza. Oili ni sumu ya mpira, na mpira wa bushi hauzunguki kama bawaba. Umegandamana na chuma cha ndani na cha nje, na gurudumu likipanda au kushuka, mpira unajinyonga kidogo kisha unarudi. Ukiukaza magurudumu yakining'inia, gari likishuka chini unakaa umenyongwa muda wote. "Umewahi kulala vibaya basini kutoka Dar? Ukishuka shingo haigeuki. Ndivyo ulivyoilaza bushi yako."

Safari hii aliingiza bushi kwa presi, kushoto na kulia, maana zote zimepita njia moja. Bolti alizishika kwa mkono tu, akashusha gari, akaniambia nikae kwenye kiti cha dereva, kisha akajipenyeza chini kwenye shimo na kuzikaza kwa spana. Kutoka pale nikaenda kupima alaimenti.

Pasaka nilimpandisha shangazi tena, baada ya kwenda kumchukua hospitali mjini alikopimwa macho. Kiboriloni, kimya. Uchira, kimya. Njia Panda akageuka. "Yule mgeni wako alikwenda wapi?"

"Nilimfungulia, shangazi."

Bushi zote mbili pamoja na ufundi zilinigharimu pungufu ya lile tairi moja nililolitupa, na hapo sijahesabu shokapu mbili zilizobadilishwa bila kosa lolote. Ewe mwenye gari dogo na kwenu mlimani: kabla ya Desemba, mwambie fundi aingie chini na mtaimbo. Redio usiiguse.