Kogo Ajibu: Tyubu Moja, Nyuso Saba

Wajukuu wa Kogo, mvua imenyesha, majani ya chai yamechipuka, na barua zenu nazo. Wiki hii nyingi ni za chunusi.

Kogo, daktari aliniandikia jeli ya adapaleni ya asilimia 0.1, nipake kidogo kila usiku. Jumamosi ijayo tuna koito, sherehe ya kupatana mahari, nami sitaki wakwe waone vipele. Kwa hiyo napaka asubuhi, mchana na usiku, tena nene. Sasa uso unawaka na kubambuka, na chunusi zimezidi. Niongeze?
– Bwana Harusi Mtarajiwa, Silibwet

Mjukuu, wazee wa upande ule watahesabu ng'ombe, si chunusi. Adapaleni huzuia vitundu vya ngozi visizibe, na kazi hiyo haina njia ya mkato: matokeo huonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Mwanzoni ngozi hukauka, na chunusi zaweza kuzidi kidogo. Shamba la chai likishapogolewa huonekana limeharibika kabla ya kuchipua; umewahi kuona mkulima akirudi na panga kesho yake?

Pumzisha uso siku kadhaa. Ukiendelea kuwaka, mwone daktari. Ukipoa, anza upya pole pole: osha kwa sabuni isiyo kali, acha ukauke kabisa, kisha paka kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Usiku mmoja paka, wa pili acha, hadi ngozi izoee. Epuka macho, midomo na pembe za pua. Mchana paka losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, hata kukiwa na ukungu. Huku kwetu tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua huzidi kadiri unavyopanda. Na usitumbue! Kwenye ngozi nyeusi, alama hukaa miezi.

Kogo, mwenzetu aliandikiwa jeli ya klindamaisini ikamsaidia. Tumeiingiza kwenye mzunguko wa chama: kila wiki inalala nyumba moja. Tuko saba. Mmoja ni mjamzito, mwingine anaichanganya na krimu ya kung'arisha ya sokoni. Je, aliyekosa zamu alipwe faini?
– Mweka Hazina, Mogogosiek

Zungusheni pesa, zungusheni sufuria, lakini tyubu irudi kwa mwenyewe leo. Aliyepimwa ni mmoja. Klindamaisini ni antibiotiki. Ikitumiwa peke yake bakteria huizoea, ndiyo maana madaktari huiandika pamoja na benzoili peroksaidi. Mjamzito aende kliniki na ataje kila anachopaka, kwa maana jeli za chunusi si dawa moja: zenye retinoidi, kama adapaleni na tretinoini, wajawazito huambiwa waziepuke.

Huyo wa krimu ndiye ananinyima usingizi. Nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli. Uso hung'aa wiki chache, kisha ngozi huwa nyembamba na chunusi mpya huzuka. Aibebe hadi kwa daktari, na amweleze ameipaka kwa muda gani, maana kuiacha ghafla kwaweza kuufanya uso uwake moto. Faini mlipishe aliyetoa wazo la mzunguko.

Kogo, tangu mke wangu aanze jeli ya benzoili peroksaidi, foronya yetu nyekundu imetoka madoa meupe, na taulo pia. Jirani anasema tumerogwa. Amenipa namba ya mganga.
– Mume Mwenye Hofu, Sotik

Aliyewaroga ni peroksaidi: hupausha vitambaa vyenye rangi. Tumieni foronya na taulo nyeupe. Mama aache jeli ikauke kabla ya kulala, na anawe mikono akishapaka. Cha kuogopa ni kingine: akivimba macho au midomo, au akishindwa kupumua, aache dawa na mkimbie hospitali saa hiyo hiyo, iwe Longisa, Tenwek au yoyote iliyo karibu. Namba ya mganga ifute. Atadai mbuzi, na madoa yatabaki pale pale.