Ukuta wa Kutazama Tu

Mwenye nyumba wa Nairobi anapenda rangi nyeupe, na anaipenda zaidi ikishaongezwa maji. Ndoo moja ya lita 20, kwa baraka za fundi, inatosha sebule, vyumba viwili na huenda hata ukuta wa jirani. Kisha mkataba unakuagiza uzirudishe kuta kama ulivyozikuta. Ulivyozikuta!

Sasa mtoto kachora matatu ukutani kwa krayoni. Mama anashika sponji laini yenye sabuni ya vyombo, anaanza chini akipanda juu, maana maji machafu yakitiririka kwenye ukuta mkavu huacha michirizi. Kafanya kila kitu sawasawa. Matatu haijatoka, iliyotoka ni rangi. Ile ya maji isiyong'aa huwa na gundi kidogo, na ikizimuliwa kupita kiasi gundi haitoshi kushika chochote, kwa hiyo unachoita ukuta mweupe ni unga unaosubiri koti la mgeni. (Wageni wetu huondoka na migongo myeupe. Tunawasindikiza tukitembea mbele yao.)

Rangi yenye mng'ao wa hariri ingevumilia kupanguswa. Lakini hiyo ni ghali, na mwenye nyumba hana haja nayo: kila mpangaji akihama, dipoziti ndiyo inayopaka upya, kwa ndoo ileile na maji yaleyale. Ndiyo maana kabati la vyombo limehamia sebuleni kuficha ukuta, na kalenda ya mwaka juzi haishuki.