Somo Anajibu: Aliniacha Makaburini

Somo, shikamoo. Mchumba wangu alinipeleka Bagamoyo, kule misheni ya Wakatoliki. Magharibi ikatukuta kwenye makaburi ya mapadri, ambapo watu wanasema pana mizimu. Kitu kikachakura nyuma ya misalaba. Kugeuka, mwenzangu hayupo, pochi yangu iko chini! Nilimkuta stendi ndani ya Kosta, siti ya dirishani, na pembeni yake kakaa mtu mwingine. Harusi mwezi wa kumi. Nifanyeje?
– Mwenye Pochi, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Mizimu tuiache kwanza, nina shida na hiyo siti. Mwenye hofu hukimbia ovyo akaangukia mtaroni. Wako alifika stendi, akachagua gari, akachagua na dirisha.

Misheni hiyo ndiyo iliyoupokea mwili wa David Livingstone, Februari 1874. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Moyo ukazikwa hukohuko, mwili ukakaushwa juani, na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao wakaubeba hadi pwani. Njiani, wakihofia watu watazuia maiti isipite, waliufungasha kama robota la nguo. Miezi tisa na maiti mabegani. Wako kashindwa dakika tisa na pochi. Sikwambii uvunje uchumba. Mahari ikija, ihesabu mara mbili.

Somo, nilipita usiku pale kwenye mbuyu wa misheni, nikasikia mnyororo unalia. Siku ya nne hii nalala na taa, luku imekwisha. Mganga anataka kuku mweusi na laki mbili.
– Macho Makavu, Bagamoyo

Mnyororo upo, hukuota. Mbuyu huo ulipandwa 1868, mwaka mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni. Husimuliwa kwamba Bi Chevalier, Mfaransa aliyekuwa akiuguza wagonjwa, alikuwa akimfunga punda wake hapo. Punda akaenda zake, mbuyu ukanenepa, ukaumeza mnyororo, kikabaki kipande. Nenda mchana ukakiguse: kimebanwa na gome kama pete kwenye kidole kilichovimba. Hakiwezi kulia hata kikitaka. Ulichosikia ni baiskeli ya mtu asiyenunua grisi.

Kuku mweusi mle mwenyewe, na nazi. Ila niambie, ulipita pale umevaa kaptula? Wengi waliolala kwenye makaburi yale walikuwa vijana kutoka Ulaya, na hakuna jini aliyewagusa. Homa ndiyo iliyowamaliza, nao wakidhani inatoka kwenye hewa mbaya ya vinamasi. Mbu alikuja kukamatwa na ushahidi 1897, na mpaka leo hajahama Bagamoyo. Ukianza kutetemeka, kapime malaria. Laki mbili itatosha chandarua na luku, na chenji ya kumnunulia jirani grisi.

Somo, mimi hufagia makaburi yale. Juzi jioni nilikuwa nakusanya majani nyuma ya misalaba, jamaa mmoja akatimua mbio, akaacha kiatu cha mguu wa kushoto. Nimpelekee wapi?
– Mwenye Ufagio

Kiatu? Mwenye Pochi, mwanangu, kama bado unasoma, nusu ya maneno yangu nayarudisha: aliogopa kweli.

Ile siti ya pembeni bado sijaielewa.