Changu Tulipishana Nao Bunju

Katika nchi hii, watu watatu wakikubaliana kwenda kula samaki, wawili wanakuwa kamati na wa tatu anachangishwa. Wakwe zangu walikuja Dar es Salaam kutoka Mwanza kutusalimia, na mtu mmoja mezani akaropoka: "Tuwapeleke Bagamoyo wakale changu." Chai haijapoa, kundi la WhatsApp likawa limeshafunguliwa. Shemeji akajiteua mwenyekiti. Dada yangu akapewa hazina, kwa kuwa ndiye pekee katika ukoo ambaye hadaiwi na mwenzake.

Bagamoyo yenyewe si safari ya kuundiwa kamati. Ni kilomita kama 65 kutoka mjini. Unapanda Coaster pale Makumbusho, unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, na ukishuka harufu ya samaki inakuongoza hadi sokoni bila kuuliza mtu. Lakini kamati ikishaundwa lazima ipate kazi ya kufanya. Tarehe ilipita bila mjadala: Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara wa Julai. Sijawahi kuona hoja ya namna hiyo ikipata mpinzani.

Vita ilianzia kwenye ratiba. Mjomba, mwalimu mstaafu wa historia, alituma ratiba ya kurasa mbili. Asubuhi magofu ya Kaole, msikiti na makaburi ya tangu karne ya 13. Halafu misheni ya Wakatoliki, mahali mwili wa Livingstone ulipofikishwa mwaka 1874 baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka bara. Halafu Boma, na mhadhara mfupi kuhusu Wajerumani walivyohamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Chakula cha mchana kilitengewa nusu saa.

Shangazi akajibu kwa ujumbe wa sauti, maana hasira zake haziandikiki. "Sisi tunakwenda kula, hatwendi kufanya mtihani!" Yeye alikuwa na ajenda yake. Samaki wote wapite mikononi mwake kabla shilingi haijatoka: jicho liwe angavu, mashavu yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Alitangaza kwamba hataki kusikia habari ya samaki aliyelala.

Mweka hazina naye akanunua vifaa. Deli la barafu lilikuwa na maana. Maboya ya watoto, sawa. Lakini alifungasha pia ndimu, pilipili na nusu gunia la mkaa. Kupeleka mkaa Mkoa wa Pwani, ambako mkaa wetu unatoka! Nilipouliza nikaambiwa mimi si mjumbe.

Katika ujumbe wote ule, pamoja na sala za asubuhi na picha za maua, hakuna aliyetaja mwezi. Mwezi wa angani, nasema. Ule wa mshahara ulitajwa sana. Mtu akipanga kwenda kula embe anauliza kama ni msimu wa embe. Akipanga kwenda kula samaki anauliza kama gari lina kiyoyozi. Tunadhani bahari ni ghala: muda wowote ukibisha hodi utafunguliwa.

Tulifika ufukweni kama saa nne na nusu, baada ya Mjomba kukubali kuiahirisha Kaole kwa shingo upande. Bahari haikuwepo.

Sitanii. Ufukwe wa Bagamoyo umelala, hauna mteremko, na maji makubwa yakipwa yanakwenda zake mbali kabisa. Tulikuta mchanga mtupu hadi upeo wa macho, ngalawa na mashua zimeegemea ubavu kama walevi waliokosa lifti, na kwa mbali mstari mwembamba wa buluu. Watoto walikuwa wameshavaa boya. Wakasimama mchangani wamejaa upepo, hawana pa kuelea.

Baba mkwe, mtu wa Ziwa Victoria, ambalo halina desturi ya kuondoka, alitazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, maji wameyapeleka wapi?"

Nilimwachia Mjomba swali hilo, na Mjomba alikuwa ameliombea tangu nyumbani. Akachora jua, dunia na mwezi mchangani kwa fimbo. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, alisema, jua na mwezi husaidiana kuvuta, ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu. Pwani yetu siku za bamvua maji hutoka kwa kawaida saa nne au saa tano na kurudi alasiri. Somo lilikuwa sahihi kabisa, ila lilitolewa juani.

Tukaenda sokoni, karibu na gofu la forodha ya zamani. Soko la samaki lina makelele yake. Lile lilikuwa na utulivu wa ofisi siku ya mazishi. Mabenchi mengi matupu, paka wengi kuliko wateja. Pembeni mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya ndoo akishona jarife.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni. Mmetoka Dar?"

"Dar, mzee. Tumekuja kula samaki."

Akainua macho akatuhesabu: watoto wenye boya, deli, gunia la mkaa. "Mmekuja leo?"

"Leo."

"Mwezi mpevu huu, na kusi hili," akasema, akarudi kwenye nyavu zake. "Mmechagua."

Ilibidi tumbembeleze ndipo atueleze, na alieleza mambo ambayo kamati yetu haikuyagusa hata kidogo. Wavuvi wa dagaa na vibua hutoka usiku na taa. Samaki hufuata mwanga, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali bahari nzima ina mwanga, taa yako haina mpya, kwa hiyo siku hizo wenyewe hupumzika na kuziba viraka. Ukitaka dagaa njoo wakati wa giza. Halafu kusi: toka katikati ya mwaka upepo huu unaporusha mawimbi, chombo kidogo hakiendi mbali, na mwenye chombo kikubwa anafikiria mara mbili gharama ya mafuta.

"Na changu?" Shangazi akauliza, mkono ukiwa tayari kufungua mashavu.

"Changu walikuwepo alfajiri, wachache. Wachuuzi wamewachukua na pikipiki."

"Wamewapeleka wapi?"

"Dar."

Kimya. Mwenyekiti akapiga hesabu ya saa kwa vidole, akagundua kwamba tulipishana na changu wetu Bunju, pale tuliposimama nusu saa mweka hazina akitafuta risiti ya barafu.

Kulikuwa na pweza. Bamvua ndiyo neema yake: miamba ikibaki wazi, watu huingia na mikonjo wakamtoa mapangoni. Walikuwa wameanza kurudi, mtu na mafungu yake begani. Mama mkwe alipomwona yule kiumbe akining'inia na mikono yake minane akaomba radhi kwa adabu zote akasema yeye atakula wali na kachumbari. Sato ana mfupa, ana gamba, ana uso. Hiki kitu kichwa chake kiko wapi?

Baba mkwe alikuwa na njaa. Akaagiza supu.

Hapa msomaji wa pwani ameshaanza kucheka, na ana haki. Kila anayepita vijiwe vya Dar jioni anajua supu ya pweza inasifiwa kwa kazi gani. Baba mkwe hakujua. Angemwambia nani? Mimi, mkwe? Ulimi ungeniteleza nihame ukoo. Mwenyekiti, mwanawe wa kumzaa, alikuwa ghafla anasoma ujumbe muhimu kwenye simu. Kijana muuzaji, yeye, hakuwa na undugu na mtu.

"Kunywa mzee wangu, hiyo dawa! Leo nyumbani hapalaliki!"

Sote tukageuka kutazama bahari, ambayo bado haikuwepo. Mjomba akaanza kueleza biashara ya pembe za ndovu, hakuna aliyemuuliza. Baba mkwe akapuliza kikombe, akaonja, akaongeza ndimu yetu kutoka Dar, akaonja tena. "Ina chumvi nzuri," akasema. "Kijana, niongeze." Mama mkwe aliacha kutafuna kachumbari.

Maji yalirudi alasiri kama Mjomba alivyoahidi, na pamoja nayo vyombo viwili vitatu, samaki wakirukaruka. Dalali akaanza kunadi. Tungeweza kununua, isipokuwa mnadani bei inapanda huku samaki anatazamwa, na Shangazi hana haraka. Alipomaliza kukagua shavu la upande mmoja la kolekole mmoja mzuri sana, kolekole alikuwa ana mwenyewe. Alipohamia kwa wa pili, dereva akapiga honi: gari lilikodiwa hadi saa kumi, na kila saa ya ziada ina bei yake. Tena akatukumbusha sharti tulilokubali bila kusikiliza, kwamba samaki mbichi haingii garini mwake. Watoto walilia wakivuliwa boya, maana maji ndiyo kwanza yamefika miguuni.

Tukarudi na deli la maji yaliyokuwa barafu, na mkaa wote. Hapo Mapinga mweka hazina akaanza kusoma mahesabu kwa sauti, akafika kwenye supu vikombe vitatu, akakiruka kifungu hicho. Baba mkwe, aliyekuwa na uso mchangamfu kuliko abiria wote, akamgusa mwenyekiti bega akauliza safari nyingine itakuwa lini.

Mama mkwe ndiye aliyejibu, bila kugeuka.

"Changu wakiwepo."