Karibu Ratenggaro, ila Pochi Ifunge Kwanza

Ratenggaro ni kijiji cha kabila la Wakodi, magharibi mwa kisiwa cha Sumba, mkoa wa Nusa Tenggara Timur nchini Indonesia. Kimekaa ukingoni mwa bahari, pale mto unapomwaga maji yake. Nyumba zake zimeezekwa kwa nyasi, na mapaa yamechongoka kwenda juu mita 15 na zaidi. Ukiteremka kuelekea ufukweni unakutana na makaburi ya mawe makubwa, mengine ya kale sana. Picha za mahali hapa zinavuma mitandaoni, na kila zikivuma hujitokeza watu wawili: mmoja anauliza nauli, mwingine anauliza kiwanja bei gani. Mwongozo huu ni wa wote wawili, na huyo wa pili ndiye nitakayemkalia kooni.

Msafiri asikilize. Panda ndege Denpasar, kisiwani Bali, ushuke Tambolaka baada ya kama saa moja, kisha utafute gari. Beba rupia taslimu. Malaria Sumba ipo, tena ya kweli, kwa hiyo mtu wa Tanga au Kisumu asijipige kifua kwamba yeye na mbu wamekua pamoja. Abebe chandarua na dawa. Kuanzia Mei hadi Novemba ni kiangazi kikali na maji huwa haba. Ndoo ya maji unayopewa kuoga huenda imetoka mbali kichwani kwa mtu. Oga kwa adabu.

Ukifika, kamera ibaki mkobani. Kinachotangulia ni tambuu. Mwenyeji atakukaribisha barazani, juu ya mkeka, na kukusogezea kikapu: humo mna popoo, mna chokaa, na mna tunda la mtambuu, jembamba na refu, kwa kuwa Sumba hulipenda tunda hilo kuliko jani tunalolijua Unguja na Lamu. Unatafuna popoo, unachovya ncha ya tunda kwenye chokaa, unaling'ata, na baada ya muda mate yanageuka mekundu. Chovya kidogo tu, chokaa ikizidi inababua ulimi. Kama hutafuni, pokea kwa mkono wa kulia na ushike tu, hakuna atakayekulazimisha. Kukisukuma kikapu ndiko kunakoudhi, maana hapo umekataa salamu. Na mgeni aliyefundwa hupitia sokoni kwanza, akanunua popoo na tambuu zake, akaingia nazo kijijini. Zawadi hiyo ni ya bei ndogo na inafungua milango ambayo noti haifungui. Baada ya hapo utaandika jina kwenye daftari la wageni na kutoa mchango. Toa, tena bila kununa: mapaa yale hayajiezeki yenyewe.

Nyumba ina ngazi tatu. Chini ya sakafu ni mifugo, katikati ni watu na jiko lao, na juu, ndani ya lile paa refu, ni mahali pa mababu na vitu vitakatifu vya ukoo. Usiombe kupanda darini. Wengi Sumba leo ni Wakristo, lakini imani ya Marapu, ya kuheshimu mababu na roho, ingali hai, na waumini wake walipigania hadhi yao hadi Mahakama ya Katiba ya Indonesia, ambayo mwaka 2017 iliamua kwamba imani za jadi ziandikwe kwenye vitambulisho vya taifa. Kwa hiyo usiwaite watu hawa mabaki ya zamani. Na kaburi usilikwee kupigia picha mpaka umeuliza ni la nani.

Kama unafuata Pasola, yale mashindano ambapo wapanda farasi hurushiana mikuki ya mti, usinunue tiketi kwa tarehe uliyoiona kwenye tangazo. Siku huamuliwa na makuhani wa jadi, rato, kwa kuhesabu mwezi na kungoja nyale, minyoo ya baharini inayojitokeza ufukweni Februari au Machi. Bahari ndiyo yenye ratiba. Weka siku za ziada, na usimame mbali, maana mikuki haichagui mtazamaji.

Sasa wewe mwenye pesa, kaa hapa.

Dalali atakupeleka kwenye ufukwe mweupe akuambie hauna mtu. Ufukwe huo una watu, ila hawajajenga uzio. Pale ni malisho ya farasi na nyati, ni njia ya kwenda kuvua, ni makaburi ya babu zao, na ardhi ni ya ukoo. Ndugu mmoja akikuuzia peke yake, wengine watakuja kukuuliza, na watakuwa na haki ya kuuliza.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Msingi ya Ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960, inampa raia peke yake haki ya umiliki kamili. Mgeni anaweza kupata haki ya kutumia, kwa miaka 30 inayoweza kuongezwa. Wasomaji wa Kenya hawatashangaa, kwani Katiba yao ya 2010 inamkomesha mgeni kwenye miaka 99 ya kukodi, na Tanzania pia mgeni hamiliki ardhi, hupewa haki ya kuitumia kwa uwekezaji. Lakini wapo watakaokunong'oneza ujanja wa jina la kuazima: mwenyeji aandikwe kwenye hati, wewe ulipe na ukae. Kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo kinasema mpango wa namna hiyo ni batili, ardhi inakwenda kwa serikali, na pesa uliyotoa haidaiwi. Soma tena hapo kwenye pesa. Wanaokushawishi wanajua kifungu hicho kuliko wewe.

Ukishapata haki halali, usikimbilie kuchora nyumba yenye ngazi inayoteremkia majini. Ukanda wa ufukwe wa angalau mita 100 kutoka kikomo cha maji kujaa unalindwa. Kwetu Tanzania ni mita 60, nasi tunaujua ugomvi wake. Sumba wana sababu ya ziada. Agosti 1977 tetemeko la ukubwa wa 8.3 lilitokea kusini mwa kisiwa hiki, likasukuma mawimbi yaliyoua watu zaidi ya 100 katika pwani za Sumba na Sumbawa. Anayekwambia vyumba vya mbele ndivyo vinavyolipa, muulize mwaka huo alikuwa wapi.

Tamaa ya pwani hii ina chanzo kinachojulikana. Hoteli ya Nihiwatu, upande huohuo wa magharibi, ilitajwa na jarida la Travel + Leisure kuwa hoteli bora duniani mwaka 2016 na tena 2017, na macho ya wenye mitaji yakahamia Sumba. Aprili 2018, katika ufukwe wa Marosi, polisi walikuwa wakisimamia upimaji wa ardhi iliyodaiwa na mwekezaji. Wanakijiji walikuja kupinga, na mmoja wao akapigwa risasi akafa. Mtu alikufa kwa ajili ya vigingi vya kupimia. Ukiambiwa mgogoro wa shamba lako ni mdogo na utaisha wenyewe, kumbuka Marosi na uondoke hapo siku hiyohiyo.

Bado unataka? Basi kodi, usinunue kwa mlango wa nyuma. Dai kikao ambacho ukoo mzima umekaa, wanawake wakiwemo, na mazungumzo yaishie ofisi ya ardhi mchana kweupe. Acha njia ya wavuvi na ya farasi ipite. Kabla ya kuchimba bwawa la kuogelea, chimba kisima cha kijiji, maana bwawa lililojaa Septemba mbele ya watu wanaobeba ndoo ni matusi. Jiandae pia kwa matanga. Jirani akifiwa utatarajiwa uje na mnyama, kila kilicholetwa kinakumbukwa na siku moja kinarudishwa, na ukianza huachi. Kama bajeti yako haina nafasi ya nguruwe wala nyati, wewe ni mpangaji tu, hujawa jirani.

Na kama mtaji wako ni mdogo, uko mlango mwingine. Wanawake wa Kodi hufunga nyuzi fundo kwa fundo, huzitumbukiza kwenye nili mara nyingi hadi rangi ikolee, kisha hufuma. Kazi ya kitambaa kimoja kizuri inaweza kumla mtu miezi mingi. Kaa naye, muulize alianza lini, akikutajia bei ilipe yote, yeye mwenyewe, mkononi mwake.