Jogging, Supu na Chapati Mbili: Mwongozo kwa Waliovuka Hamsini

Kwanza kabisa, usinunue kitu. Najua fulana ya klabu umeshaiulizia bei, na viatu vya Kariakoo umevipigia hesabu. Viache huko huko. Nenda zahanati ukapime presha na sukari, maana presha haina desturi ya kupiga hodi. Kama unameza dawa za kisukari, mwulize daktari kabla hujakimbia: baadhi ya dawa hizo zinashusha sukari na mazoezi nayo yanaishusha, vikikutana unaweza kudondokea barabarani.

Ukiruhusiwa, subiri Jumapili alfajiri klabu ya jogging ipite mtaani ikiimba, uunge mkia. Dar es Salaam haina dawa nzuri kuliko klabu hizi, kwa sababu watu watakuulizia usipotokea. Balaa huanza mbio zikiisha. Hapo ndipo bonanza: supu ya makongoro, chapati mbili, soda baridi, na saa nne haijafika wengine wameshafungua bia. Ndugu yangu, nusu saa ya kukimbia pole pole haiwezi kulipa deni hilo! Umetoka nyumbani kupunguza kitambi, unarudi umekilisha. Imba nao, kimbia nao, kisha agiza supu na ndizi moja ya kuchemsha, unywe maji. Watakucheka. Wacheke tu, mradi Jumapili ijayo mkutane tena.

Tena Jumapili peke yake haitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kunahesabika. Shuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwako, umalizie kwa miguu.

Halafu misuli, jambo ambalo wazee wetu wa mbio hawataki kulisikia. Mtu anajisifu kumaliza kilomita tano, lakini kuinuka mkekani mpaka amshike mjukuu bega! Misuli hupungua kadiri umri unavyokwenda, na mtu mzima akianguka bafuni anaweza kuvunjika nyonga. Kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, simama, kaa, rudia mpaka mapaja yalalamike. Fanya hivyo angalau siku mbili kwa wiki. Ukifika 65, ongeza mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, ukuta ukiwa karibu.

Sasa sahani. Usihangaike na vyakula vya kopo vyenye picha ya mzungu mwembamba. Rudi kwenye dona, ambayo haijakobolewa na bado ina pumba na kiini chake. Punguza ugali usifanane na Kilimanjaro, mchicha na maharage vichukue nafasi, dagaa wawepo. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile unayonyunyizia embe bichi. Sukari ya chai ipunguze kidogo kidogo, ulimi utazoea.

Na nyinyi akina baba, acheni kutangaza "nimeanza dayati" halafu mkamwachia mama kazi ya kupika vyungu viwili. Ingia jikoni, chambua matembele mwenyewe.

Anza Jumatatu hii. Jumanne ikikushinda, toka Jumatano.