Risiti ya Rungu: Barua ya Wazi kwa Inspekta Jenerali

Inspekta Jenerali wa Polisi,
Jumba la Jogoo, Nairobi.

KUH: OMBI LA RISITI

Mheshimiwa,

Sikuandikii kulalamika. Kulalamika nimewaachia wenye mbavu imara. Nakuandikia kama mteja.

Utaratibu naujua. Raia akivunjwa mkono na afande, huenda kituoni kuomba namba ya OB, kitabu cha matukio, na pengine mezani akamkuta afande yule yule, kalamu mkononi: "Aliyekupiga unamjua?" Akipata namba, aombe fomu ya P3, ya kuthibitisha majeraha. Fomu zimekwisha, rudi kesho. Kesho mwenye ufunguo wa kabati yuko likizo. Siku daktari anapoijaza fomu hiyo, mfupa umeshaunga na ushahidi umepona. Nani alisema polisi hawajali afya ya raia?

Ipo pia IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi tuliyopewa kwa sheria ya mwaka 2011. Mwendesha bodaboda mmoja alipeleka huko malalamiko kwamba polisi alimpiga risasi. Juni 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi walitekwa. Miili yao ikaopolewa mtoni, Ol Donyo Sabuk. Polisi watatu na mpasha habari wao walipatikana na hatia mwaka 2022. Hapo sina mzaha.

Turudi kwenye biashara. Wapo wanaovumilia hadi Mahakama Kuu, wakamshtaki Mwanasheria Mkuu kwa makosa ya afande. Jaji anaamuru fidia. Mlipaji nani? Afande mshahara wake uko salama, na pengine ameshahamishiwa kituo chenye hewa nzuri. Inalipa Hazina, yaani mimi, pamoja na aliyepigwa mwenyewe, kila anaponunua kredo. Tena asiwe na haraka: kifungu cha 21 cha sheria ya kesi dhidi ya Serikali kinamkataza dalali kugusa mali ya umma, hata lile benchi la kituo alilolalia. Ameshinda kesi, amebaki na karatasi yenye muhuri.

Basi mimi mfanyabiashara mdogo nimenunua rungu, nimelipa mkono unaolishika, na sasa nagharimia mgongo. KRA, mamlaka ya kodi, siku hizi haitambui gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS. Naomba ankara, nami nipunguziwe kodi.

Tafadhali usisahau bidhaa za Juni 2025. Polisi walituambia Albert Ojwang, aliyefia mikononi mwao, alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli, Kituo cha Kati, Nairobi. Mpasuaji maiti wa Serikali akaona majeraha ambayo mtu hawezi kujitia, nawe ukabadili taarifa na kuomba radhi mbele ya Seneti. Yaandikwe yote: taarifa ya kwanza, moja, taarifa ya pili, moja, radhi, shilingi sifuri.

Ankara itumwe kwa simu. Nisiambiwe nije kuichukua kituoni.

Wako mtiifu,
Mlipa Kodi